Gunia la Pili Ndilo Hudondoka

Perez Amolo hakuwahi kununua chumvi bila kuionja. Akipewa chenji aliinua noti juani, na akipewa pole aliangalia kwanza mikono ya anayempa. Watu wa ufuo wa Usenge, ambako alianika omena, wale dagaa wa ziwani, karibu maisha yake yote, walisema kwamba hata siku ya kiyama ataomba kuona kitambulisho cha malaika. Alipoletewa maneno hayo, akaanza kumtilia shaka aliyemletea.

Alikuwa nyachira, yaani mke wa pili, wa Mzee Zablon Oduor, dereva wa trekta za miwa kule Muhoroni. Mke wa kwanza, mikayi, alikuwa Lornah. Wanawake hao waliishi katika boma moja kwa amani ya paka wawili juu ya ukuta mmoja: hakuna aliyepigana, na hakuna aliyesinzia.

Msidhani Perez alizaliwa na shaka. Aliisomea, na shule yake ilikuwa barabara ya Sondu. Miaka ya themanini alikuwa akipeleka omena huko siku za soko kwa lori la Khaemba, mtu mpole, mwimbaji wa kwaya. Nasipwondi, mke wa Khaemba, naye aliuza omena, kwa hiyo lori lilibeba gunia la Nasipwondi na gunia la Perez. Ajabu ya barabara ile ni kwamba ilikuwa na kona moja inayojua kusoma. Lori likifika hapo, gunia lililodondoka lilikuwa la Perez tu. Khaemba alimletea habari akiwa amevua kofia, na mara moja hata alilia.

Perez hakugombana. Alimwendea Nasipwondi na maneno matamu, akamshawishi wachanganye omena zao, wazijaze kwenye gunia moja kubwa, wagawane sokoni. Tangu siku hiyo barabara ya Sondu ilinyooka. Hakuna punje ya omena iliyodondoka tena, na Perez akatoka na elimu ambayo wengine huifuata chuo kikuu wasiipate: gunia la pili ndilo hudondoka. Likiwa moja, likipotea limepotea la wote, na wote watalitafuta.

Mzee Zablon alifariki mwaka wa 1998. Tangazo lilisomwa redioni kwa Kidholuo, na Perez akalisikia kwenye redio yake ya kaseti akiwa amekaa chini: mume wa Lornah na wa Perez. Redio ilimtaja mbele ya nchi nzima bila kuhongwa hata samaki mmoja. Kuanzia hapo, katika dunia nzima, kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho Perez Amolo hakukitilia shaka, nacho kilikuwa redio ile.

Ikabaki programu ya mazishi. Asiyejua kwetu atadhani programu ni karatasi ya kuonyesha wimbo upi unafuata. Sivyo. Ni kijitabu chenye picha za marehemu, wake zake, watoto wake na wakwe zake wote mpaka wale waliokimbia na mahari. Hutunzwa kuliko Biblia. Miaka kumi baadaye, watu wakigombania mpaka wa shamba, mtu huingia ndani, akatoka na programu, akampa chifu. Usipokuwemo humo, basi hukuwa mke. Ulikuwa unapita tu, ukaonja chai.

Mwenye kuitengeneza alikuwa Gordon, mtoto wa kwanza wa Lornah, karani Kisumu, mtu wa kuvaa tai hata akienda chooni. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati. Perez aliposikia kwamba programu inapigwa chapa mjini na kwamba "mambo yote yako sawa", alifunga kikapu. Aliingiza na redio, kwa sababu waombolezaji huja na machozi na kuondoka na sufuria, akapanda gari la Kisumu.

Ofisi aliyoikuta ilikuwa chumba kimoja chenye bango mlangoni: KOMPYUTA, FOTOKOPI, PICHA ZA PASIPOTI, SODA BARIDI. Mwenyewe, Bwana Wakhisi, alikuwa mtu wa Bungoma mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Gordon alikuwa ameshafika, amekaa kando yake.

"Karibu Mama. Pole sana na msiba."

Perez aliangalia mikono yake. Ilikuwa mitupu. Akakaa.

Kwenye kioo cha kompyuta alikuwepo Gordon akiwa na gauni la mahafali. Wakhisi akasogeza ukurasa. Gordon tena na gauni, safari hii akitazama mbali kama anayemuona Mungu akija kwa baiskeli.

"Wuoda," Perez alisema, maana alimwita mwanangu hata alipotaka kumnyonga, "hii ni programu ya Mzee ama ni yako?"

"Mama mdogo, lazima watu wajue Mzee alisomesha."

"Alisomesha na omena ya nani?"

Gordon akarekebisha tai. Wakhisi, ambaye alikuwa amezika wazee wengi kwa kompyuta ile na akajua harufu ya nyumba mbili zikiwa chumba kimoja, aliharakisha kuingilia kati.

"Shida yetu ni moja tu. Hii kazi imekuwa kubwa, picha ni nyingi, haitoshi kwa disketi. Na mashine ya kuchapa iko kule viwandani. Sasa tunaweza weka nyumba ya mikayi kwa disketi moja, halafu nyumba ya Mama hapa kwa ingine."

"Hiyo ni sawa kabisa," Gordon alisema. "Mbili. Hata mimi mwenyewe nitazipeleka."

Alijibu haraka mno. Perez alimtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaona kofia ya Khaemba ikivuliwa.

"Hapana. Gunia moja."

"Hii si gunia, mama mdogo. Ni kompyuta."

"Gunia moja, ama nikae hapa mpaka Mzee afufuke aseme mwenyewe."

Wakhisi akakuna kichwa. "Iko njia, lakini. Tunaweza zipu."

Aliwaeleza. Picha zote na maandishi yote yanawekwa katika folda moja, halafu folda inakunjwa ibanwe, iwe ndogo. Akaleta mshale juu ya folda. "Hii mausi iko na masikio mawili, Mama. La kushoto kila mtu anabonyeza. La kulia ni la wenye kujua njia ya mkato."

Akabonyeza la kulia. Orodha ya maneno ikadondoka katikati ya kioo, Perez akarudisha kiti nyuma.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Ilikuwa tu hapo. Inangojea kuitwa."

"Kitu kinakaa kimejificha kikisikiza watu, kwetu kina jina."

Wakhisi akachagua mstari mmoja katika orodha. Mara kukatokea kijipicha cha kabati la manjano lililobanwa kwenye jiliwa, kama mbao kwa fundi. "Imekwisha. Na mnaona, imepungua karibu nusu. Sasa inatosha disketi moja."

"Nusu gani?" Perez aliuliza.

Perez alinyoosha kidole kwenye kile kijipicha.

"Omena ikikauka inapungua," alisema polepole, "kwa sababu maji yametoka. Sasa hapa, ni nani maji?"

"Hakuna mtu ametoka, Mama. Inakunjwa tu. Zile nafasi za bure ndiyo zinaondolewa."

"Na nani amesema nafasi ya bure ni ya nani?"

Gordon alicheka. Alicheka kidogo tu, kwa pua, lakini Perez alikuwa amesikia wanunuzi wa samaki wakicheka hivyo kabla ya kukanyaga mizani.

"Ikunjue," alimwambia Wakhisi. "Nikiona."

Mshale ukarudi, sikio la kulia likabonyezwa, orodha ikadondoka tena, safari hii ukachaguliwa mstari mwingine, wa kukunjua. Folda mpya ikazaliwa. Perez akavuta kiti mpaka pua ikakaribia kioo, akaamuru afunguliwe picha moja baada ya nyingine. Watoto wake wote walikuwemo. Ouma, kifungua mimba wake, alikuwemo na kovu lake. Mwisho ikaja picha yake na Mzee mbele ya nyumba, na nyuma yao yule kuku aliyekatwa mkia na mbwa wa jirani. Alimkagua kuku huyo kuliko alivyojikagua mwenyewe. Kuku alikuwepo. Mkia haukuwepo.

"Inatoa tu kile kiliingia," Wakhisi alisema.

"Omena ukishaikausha, hata uiloweke wiki nzima haiogelei."

"Hii inaogelea, Mama."

"Ndiyo maana siipendi."

Hata hivyo, kijiliwa kilinakiliwa kwenye disketi. Gordon akanyoosha mkono kuipokea, akakuta imeshaingia kikapuni.

"Mama mdogo, mimi ndiye mwenyekiti."

"Basi kalia kiti chako. Tutaonana kesho huko kwa mashine."

Alifikia mtaa wa Nyalenda, kwa Adero, binti ya dada yake. Alimpenda sana Adero, kwa hiyo hakutaka kumtia majaribuni. Chini ya godoro ni mahali pa kwanza mwizi anapotafuta, na kifuani ni pa pili. Alichukua kisu, akafungua mgongo wa redio yake, akaitelezesha disketi nyuma ya spika, kwenye ile sumaku nene kama chapati, akafunga. Redio haikuwahi kumdanganya. Akalala fofofo, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Asubuhi, kule kwa wachapaji, mwenye mashine alikuwa Bi Nasambu, mwanamke wa mikono yenye wino na maneno machache. Aliingiza disketi. Kompyuta ikakwaruza kama kuku anayetafuta mchwa. Akabonyeza sikio la kulia la mausi, orodha ikadondoka, akachagua kukunjua. Badala ya picha, likaja dirisha lenye alama nyekundu. Akajaribu tena. Nyekundu tena.

"Hii imekufa," alisema.

Perez na Gordon walitazamana. Ilikuwa zamu ya kila mmoja kumdhania mwenzake, na wote wawili waliifanya kazi hiyo kikamilifu.

"Uliilalia," Gordon alisema.

"Wewe ulikuwa unacheka nini jana?"

Gordon akamgeukia Nasambu, akashusha sauti, lakini masikio ya Perez yalizoea kusikia minong'ono katikati ya upepo wa ziwa. "Dada, hata kama hii ingine haiwezekani, huwezi toa zile za nyumba ya mikayi tu?"

Hapo ndipo Perez alipojua kwamba hakuwa mwendawazimu.

"Zimebanwa pamoja," Nasambu alisema. "Ikikufa, imekufa yote."

"Hata ya gauni?"

"Hata ya gauni."

Uso wa Gordon ulianguka. Kama ingekuwa disketi ya nyumba ya pili, angesema ni mipango ya Mungu, angenunua soda, na programu ingechapwa nyembamba kidogo. Lakini mle ndani alikuwemo mama yake mzazi, na zaidi ya mama yake mzazi, alikuwemo yeye mwenyewe akitazama mbali. Alitoka mbio. Ofisi ya Wakhisi ilikuwa imefungwa. Wakhisi alikuwa ameitwa Muhoroni kutengeneza kompyuta ya mtu. Gordon akafuata huko huko, tai ikipeperuka begani, akapita katikati ya trekta za miwa, akarudi alasiri amemshika Wakhisi kiwiko kama mwizi wa kuku. Muda wote huo Perez alikaa kwenye benchi la Nasambu, kikapu mapajani, hakutafuta chochote. Watafutaji walikuwepo.

Kazi yenyewe bado ilikuwa kwenye kompyuta ya Wakhisi, kwa hiyo wote watatu wakarudi ofisini kwake. Aliikunja tena mbele ya macho manne, akaitia kwenye disketi mbili, zote zikiwa na gunia lile lile, moja akampa Gordon, nyingine akampa Perez. Safari hii Perez aliishika mkononi mpaka viwandani.

"Mama," Wakhisi alimuuliza njiani, "ile ya jana uliiweka wapi? Haikukaa karibu na sumaku? Spika, kwa mfano? Sumaku inaua disketi papo hapo."

Perez aliangalia kikapu chake.

"Niliiweka kwa mtu mwaminifu," alisema.

Jumamosi programu iligawiwa. Gauni lilikuwemo, ukurasa mzima. Lornah alikuwemo na watoto wake, na Perez na wake, na kuku bila mkia. Gordon alimsalimia kwa mikono miwili mbele ya wageni, na Perez akaiangalia yote miwili kabla ya kuipokea.

Wageni walipokwisha kutawanyika, alitoa redio kikapuni, akaiweka mahali pake pa siku zote juu ya kabati, akaiwasha asikilize matangazo ya vifo. Ilizungumza vizuri, sauti ile ile ya mtu asiye na hatia. Alisikiliza jina la kwanza, na la pili. Kisha akainuka, akaigeuza ikatazama ukuta.