Chupa Niliyoing'arisha kwa Ajili ya Picha

Msomaji wetu wa Kisumu ameomba tumfunike jina. Someni mpaka chini kabla hamjamrukia.

Admin, nifiche, ingawa sura nzuri kama hii kuificha ni kazi. Mimi nikipewa sabuni ya kutosha naosha Ziwa Victoria lote, magugu yatoke yenyewe kwa aibu na samaki mbuta waanze kujitazama kama kwa kioo. Sijisifu, ni kipaji. Nina miaka ishirini na tatu, naishi Migosi. Shule niliiacha Form Two, au yenyewe iliniacha, hilo bado tunabishana.

Naosha vyombo vya glasi kwa maabara moja ya utafiti. Bosi wangu ni mama mkemia aliyekaribia kustaafu. Tunamwita Daktari, lakini usimpelekee kikohozi. Ujana wake wote alikuwa mtu wa kupima. Unamletea maji ya ziwa, tope au samaki, anakwambia ndani kuna nini na kiasi gani, hata kama ni chembe ambayo jicho halioni. Uzeeni akageukia kuunda, yaani anachukua kemikali hii na ile, anazipika pamoja mpaka apate kitu ambacho hakikuwepo duniani. Alikuwa anatafuta dawa mpya ya kichocho, ile bilhazia inayoshika watoto wetu wakiogelea ziwani.

Siku moja nikamtania, "Daktari, si upumzike? Umepima mpaka samaki wanakujua jina."

Akacheka. "Nyathina," yaani mtoto wangu, ndivyo anavyoniita, "maisha yangu yote nimeambia watu yenye iko mbaya kwa maji. Wacha mara moja tu niwape yenye iko mzuri."

Shida ni kwamba kitu chake kilikataa kuganda. Kila akipika kinabaki kizito kama asali, na kikiwa hivyo hakisafishiki, hata hawezi kujua kwa hakika amepata nini. Alitaka kiwe chembe ngumu kama chumvi. Alihangaika sana, halafu asubuhi moja tukakuta kimeganda chenyewe ndani ya chupa moja ya mviringo. Wueh! Mama mzima na koti lake jeupe akacheza mpaka miwani ikaanguka.

Chembe zile ziliishia kwa vipimo. Kilichobaki ni vumbi jeupe limeshika ukuta wa chupa. Akaiweka juu ya kabati, akaniita.

"Hii ni mbegu. Nikipika ingine namwaga humu, inakuta wenzake wameganda, na yenyewe inaganda. Ni kama kibuyu cha maziwa ya mgando kwetu Pap Onditi. Ya jana ndiyo inafundisha ya leo. Usiwahi osha."

"Sawa, Daktari."

Sasa kuna rafiki yangu wa Nyamasaria, Odhis. Huyo jamaa nilikuwa nimemwambia mimi ndiye msaidizi mkuu wa Daktari, kwamba akikwama ananiuliza mimi. Akacheka mbele ya wasichana. "Omera," yaani ndugu yangu, "wewe ni mkemia wa sufuria! Leta picha basi."

Daktari akaenda matanga nyumbani. Nikavaa koti lake. Nikatafuta chombo chenye sura ya sayansi, na hakuna kilichoshinda ile chupa ya mviringo. Lakini lile vumbi lilifanya ionekane kama kikombe cha uji cha juzi. Mimi, bingwa wa kung'arisha, nipigwe picha na chombo kichafu? Nikaweka sabuni, nikapitisha brashi, nikasuuza na spiriti mpaka ikalia. Nikatia juisi ya zambarau, nikakunja uso kama msomi, nikajipiga picha na kumtumia. Odhis mwenyewe aliandika, "Nimekubali, Daktari." Nililala nikitabasamu.

Nilijiambia vumbi ni vumbi, atatengeneza lingine. Hakutengeneza. Alirudi akapika, akamwaga, akangoja: asali. Akapika tena: asali. Akawa anakwaruza ukuta wa chupa na kijiti cha glasi ili kitu kiamke kigande, polepole, kama mtu anabisha hodi kwa nyumba iliyohamwa. Wiki iliyopita akaacha kukwaruza. Ijumaa hii anarudisha funguo na kwenda nyumbani kabla ya wakati wake. Wenzake wanachangia keki wakidhani amechoka tu. Hakuna mwingine anayejua kazi ile, kwa hivyo akiondoka, dawa nayo imeondoka.

Ndugu zangu, nipeni akili, maana yangu imeniishia. Niende kwake kabla ya Ijumaa, ama ninyamaze nile keki?

Najua mtaandika, "Kijana, ni bahati mbaya, omba msamaha." Mngekuwa sawa kama ningekuwa nimewaambia yote. Kuna mahali nimeruka.

Siku aliyorudi kutoka matanga, aliinua ile chupa dirishani, akaizungusha. Akauliza taratibu, bila hasira, "Nyathina, uliosha hii?"

Ningesema ndiyo. Angenifokea, pengine angenifukuza, halafu angekaa chini aanze kutafuta mbegu nyingine, kwa sababu angejua kosa ni langu, si lake. Lakini mimi nikacheka, kile kicheko changu cha kila siku. Nikasema, "Daktari, si ulinipa wewe mwenyewe nioshe? Umesahau?"

Na nilijua ninachosema. Aliwahi kunisimulia tukinywa chai kwamba mama yake alikufa akiwa hawezi kutaja jina la mtoto wake hata mmoja, na kwamba hakuna kitu anaogopa kama hicho.

Aliangalia chupa, kisha akaangalia mikono yake. Akasema, "Kumbe imeanza."

Sasa kila asubuhi ananiuliza kama jana alikumbuka kufunga kabati. Huwa amefunga. Hajawahi kusahau hata siku moja.