Cucu Aliposugua Bunduki ya Guka

Wale wa rika langu mliolelewa huku Cheptiret mtanielewa nikisema Jumamosi zetu zilinuka majivu. Kabla umande haujakauka, Cucu, mama yake baba, alikuwa ameshatoa vyombo vyote nje kwenye nyasi. Alisugua sufuria kwa majivu na mchanga wa mtoni mpaka ukichungulia ndani unaona meno yako. Alisugua jembe, taa ya mafuta, mabakuli ya bati, hata bawaba za mlango. Wasichana wa leo wakiosha vikombe viwili wanataka kulala.

Mimi nimepewa jina lake, Wanjiru, kwa hiyo aliniita mwenzake. Kwetu utaratibu mnaujua: msichana wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, na mvulana wa kwanza la baba yake baba. Haikuwa na mjadala. Mzee akishapata mjukuu wa jina lake, hata kifo hakimtishi sana, maana anajiona amerudi nyumbani. Guka wangu, mume wa Cucu, aliitwa Mbugua na alikuwa bado anangoja. Mama alikuwa amezaa wasichana watupu, mimi wa kwanza.

Ujanani Guka alikuwa mpishi wa Mmarekani mmoja aliyelima ngano. Wazungu walipoanza kuuza mashamba na kuondoka, yule Mmarekani alimwachia bunduki ya zamani iliyokuwa ukutani kwake. Ilikuwa ile ya kuwashwa kwa jiwe la gumegume, ndefu kumshinda Mama, na mbao ya kitako chake ilikuwa na mistari kama mursik, yale maziwa ya mgando ya majirani yanayotiwa mkaa. Ubavuni mwa kitako kulikuwa na kifuniko cha shaba chenye ua kwenye ncha yake. Jiwe lenyewe lilikuwa limepotea, na bunduki haikuweza kuua hata panya. Guka aliitundika karibu na kalenda. Alituambia ilitoka Amerika, na kwamba fundi aliyeitengeneza aliandika jina lake juu ya mtutu.

Shida ni kwamba kaburu wa shamba la pili alivunjiwa nyumba siku zile zile za kuondoka, na katika vilivyoibwa palikuwa na bunduki kuukuu ya ukoo wake. Hakuna aliyelikumbuka jambo hilo kwa miaka mingi, mpaka Guka alipopendekezwa kuwa mzee wa kanisa. Hapo mtu akauliza, ile bunduki ya Mbugua kwani aliitoa wapi? Maneno yakatembea. Shuleni nikaitwa mjukuu wa mwizi, nikapigana, nikachapwa viboko mbele ya darasa. Baba alikuwa mwalimu, mtu wa kujali sana watu watasema nini, na akaacha kukaa benchi moja na baba yake kanisani.

Guka hakubishana na mtu. Alisema tu, "Waje wasome. Jina la fundi wa Kimarekani liko pale." Wazee wa kanisa wakakubali kwamba wakilikuta hilo jina, maneno yaishe. Wakasema watakuja Jumapili baada ya ibada.

Sasa mwambie mwanamke wa enzi zile kwamba wageni wanakuja kwake. Jumamosi Cucu alichinja jogoo, akasiriba sakafu upya, kisha akaishusha bunduki ukutani. Mtutu ulikuwa na kutu. Wazee wa kanisa washike kitu chenye kutu nyumbani kwake? Hakujua kusoma, na ile michoro hafifu juu ya chuma kwake ilikuwa sehemu ya uchafu. Akaazima msasa kwa jirani seremala, akasugua mtutu wote, akamalizia na majivu. Niliporudi kutoka kusaga mahindi posho mill nilimkuta akiimba, na bunduki inameremeta kwenye nyasi pamoja na sufuria.

Wazee walikuja. Wakaigeuza bunduki mlangoni penye mwanga. "Mzee Mbugua, hilo jina liko wapi?" Guka alipitisha kidole juu ya mtutu, akakirudisha, akakipitisha tena. Halafu akamtazama Cucu. Hakumgombeza, siku ile wala siku nyingine yoyote. Mzee mmoja akasema, "Hii imepigwa msasa juzi tu. Mtu hufuta kitu kwa sababu gani?" Wakanywa chai. Jogoo hawakumgusa, na kwetu mgeni akikataa nyama yako amekwisha kusema.

Mwaka uliofuata Mama akazaa mvulana. Baba akamwita Ndung'u, jina la baba yake Mama. Alisema sebuleni, Guka akiwa pale pale na kikombe mkononi, "Mtoto wangu hawezi kubeba jina la mwizi." Guka alimaliza chai yake, akaenda kulisha ndama. Alikufa kabla Ndung'u hajaanza shule. Cucu aliishi miaka mingi baada yake, lakini sikumwona tena akisugua chombo. Tulisugua sisi, naye akikaa na mikono mapajani.

Mwaka huu Njeri, binti wa Ndung'u, aliikuta bunduki stoo. Hawa watoto hawawezi kuona kitu bila kukipiga picha. Akatuma picha kwenye kundi la watu wa bunduki za kale huko mtandaoni, na mzee mmoja wa Amerika akaomba picha zaidi, ya kifuniko na ya mpindo wa kitako. Akajibu kwamba ua lile, kitako kile na mbao ile ni kazi ya mafundi wa Pennsylvania, upande wa Lancaster. Akaongeza kwamba bunduki za makaburu zilikuwa nzito, zenye tundu pana, na hazikuwa na kifuniko kama kile. Jibu lilikuwa pale ukutani miaka yote, na sisi tulikuwa tunatafuta herufi. Nilikasirika mpaka nikalia.

Baba sasa ni mzee sana, anakaa na Ndung'u huko Munyaka. Nilimsomea yote. Akaomba nisome tena. Kisha akauliza, "Kwa Kimani wanatarajia mtoto lini?" Kimani ni mwana wa Ndung'u, amechukua jina la Baba mwenyewe.

Mtoto alizaliwa mvulana. Tulipokwenda kumwona, Baba alisimama na fimbo yake, akasema, "Kimani, nina ombi. Najua zamu ni ya jina la baba yako, lakini huyu aitwe Mbugua."

"Pole, Guka," Kimani alijibu, kwa heshima kabisa. "Tushaamua. Ni Jayden. Hayo majina ya kizamani yatamsumbua shule."

Enzi zetu jina la mtoto halikuwa la kuchagua, wazazi walilikuta tayari linangoja. Leo wanalitafuta kwenye simu kama wanavyotafuta viatu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe Kimani maneno yake, Baba akanishika mkono.

"Mwache, Wanjiru," alisema. "Mimi ndiye niliyeanza."