Bwana Harusi Aliyekimbia Chetezo

Jamani, nacheka mwenyewe kabla sijaanza, maana hapa Kibiti bado wapo wanaosema mimi ndiye bwana harusi niliyeikimbia ndoa yangu mwenyewe, na aibu ile naikubali, nilikimbia kweli, tena kwa kuruka ua wa makuti nikiwa nimevaa joho la watu.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa anauza anachokipata, mimi niliuza petroli kando ya barabara, kwenye madumu, kwa magari yaliyokuwa yanawahi pantoni ya Ndundu. Na niseme bila kuficha, hakuna aliyeijua petroli kama mimi. Nilikuwa natia tone kiganjani: likikauka upesi na kuacha ubaridi, hiyo petroli safi, likibaki na utelezi, mtu kachanganya mafuta ya taa. Madereva waliniita Profesa (nami niliitika).

Sasa siku ya nikahi yangu na Zaituni wa Mtunda, gari letu likazima njiani, na badala ya kumwachia dereva, mimi nikainamia injini na kanzu yangu nyeupe. Likawaka, lakini kifuani likabaki doa la grisi la ukubwa wa kitumbua. Wenzangu wakasema lifunikwe na joho, yaishe. Profesa akubali? Nikamimina petroli, nikasugua, na nawaambia, doa lilitoka lote, kanzu ikang'aa, nikatembea mbele yao kwa madaha. Kwa kuwa tulishachelewa, nikavaa joho (la kuazima kwa mjomba) juu ya kanzu mbichi. Nilijua fika petroli hukauka upesi ikipata hewa, na nilijua pia kwamba ikifunikwa, mvuke wake hukaa pale pale ukingoja moto. Yote hayo niliyajua, ila siku ile majivuno yalikuwa yameniziba pua.

Mlangoni kwa wakwe akatokea shangazi yake Zaituni, Bi Tatu, na chetezo mkononi, makaa mekundu, udi unafuka, anataka kuninyanyulia joho anifukize kama ada inavyotaka. Nikarudi nyuma hatua moja. Akanifuata. Nikamwambia nimeshajifukiza nyumbani, akasema udi wa nyumbani si udi wa ukweni, akasogea, na cheche moja ikaruka ikaanguka karibu na mguu wangu. Sikungoja ya pili. Nikageuka, nikatimua mbio, nikaruka ua, vigelegele vikakatika, na nyuma yangu nikasikia mtu anasema bwana harusi kaghairi.

Walinikuta kwenye mikorosho nimebaki na fulana na msuli, kanzu nimeitupa mbali ikiwa bado imeviringika ndani ya joho. Baba yake Zaituni, Mzee Seif, alikuja na wanaume wanne, wala hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kama humtaki mwanangu, sema hapa hapa," aliniambia. "Watu wale pilau waende zao."

Nikaeleza gari, doa, petroli, nikaona usoni kwake kwamba haamini hata neno moja, na mmoja wa wale wanaume akasema huo ni uongo wa mjini. Nikaona nampoteza Zaituni hivi hivi. Basi nikaliweka joho pembeni (si langu), nikawaomba wasimame mbali, nikawasha kiberiti nikakirusha kwenye ile kanzu yangu ya harusi. Ikalipuka kabla njiti haijaigusa.

Mzee Seif aliyatazama majivu, kisha akavua kanzu yake mwenyewe akanivisha. Ilinifika magotini. Nilitaka kulia, kwa aibu na kwa furaha.

Mashahidi wakaenda chumbani kumuuliza Zaituni kama ameridhia. Walikawia, nikaanza kutoka jasho upya. Waliporudi walikuwa wanajizuia kucheka, wakatoa jibu lake mbele ya shehe na watu wote waliokaa mkekani:

"Nimeridhia. Ila mwambieni nguo zake nitafua mimi."

Toka siku hiyo niliapa, nami nimeshika kiapo: nikipata doa natembea nalo, hata Idi naenda nalo msikitini. Wanaocheka na wacheke. Petroli naijua, na mke ninaye.