Mfuko wa Mama na Mwalo Tuliouchafua Tena

Wenzangu mliopanga foleni ya sabuni pale Musoma tangu alfajiri, mkaambulia kipande cha kufulia shati moja, ninyi mtanielewa. Enzi zile mfuko wa nailoni ulikuwa mali. Mama alikuwa nao mmoja tu. Aliufua, akauanika kambani pamoja na magauni yetu, na jirani akitaka kwenda Bunda kusalimia alikuja kuuazima kwa adabu zote.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Mifuko ya rambo ikamiminika kutoka mpakani Sirari, nasi washamba tukaona kuitupa ndiyo maendeleo. Tuliitupa mwaloni, kule ufukweni mitumbwi inakotia nanga, pale pale mama alipochota maji, maana bomba la mtaani lilikuwa limekauka zamani. Kila akichota, alianza kwa kusukuma uchafu kwa kitako cha ndoo.

"Nyie watoto, haya maji mnayotupiaga takataka ndiyo mnayanywaga!" alitufokea. Tulicheka, wajinga sisi.

Siku moja shuleni tukaambiwa kuna mkubwa anakuja kwa boti. Tukapewa nyavu kuukuu za dagaa, tukaingia majini mpaka kiunoni huku tunaimba, tukaopoa mifuko, ndala na makopo. Kufika mchana mwalo ulikuwa safi. Mama akaja na ndoo mbili, akajaza ya kwanza bila kusukuma kitu. "Nyabwire mwanangu, leo umenitua mzigo," aliniambia mbele ya wenzangu. Nilijiona mtu mzima.

Boti ilipoondoka, msimamizi wa usafi akaliangalia lundo letu la taka. Trekta ya kuzolea haina dizeli, alisema. "Rudisheni ziwani. Upepo utazipeleka Ukerewe."

Tukarudisha! Kwa mikono ile ile! Yule bwana namchukia hadi leo, na mimi mwenyewe sijajisamehe, kwa sababu mama alikuwa bado amesimama pale na ndoo ya pili, tupu, akiniangalia nikisukuma. Tangu kesho yake akawa anachota mbali, kule kwenye mawe, mwendo wa saa nzima.

Vijana wa sasa wanakuja pale kupiga picha. Soda ikiisha, chupa majini. Nikiwafokea wananicheka na kuniita Bibi Mazingira. Jumamosi iliyopita nimeopoa magunia matatu, nikayapandisha mwenyewe hadi barabarani, nikayakalia mpaka gari la taka lilipofika.

Mama alipofariki, chini ya godoro lake tulikuta ule mfuko. Ulikuwa umefuliwa na kukunjwa mara nne.