Gongo Lako Lifuate kwa Mwenzako

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Homa Bay, Ofisa wa Michezo wa wilaya alinivisha filimbi shingoni kabla hata sijaketi. Miaka ya sitini ilikuwa imeanza juzijuzi tu, nami nilikuwa kijana mwenye nyodo kwa sababu ya kaptula iliyopigwa pasi. Kazi yangu ilikuwa kuchezesha magongo, mchezo ambao Wajaluo huuita adhula. Mpira ulichongwa kwa mzizi mgumu, ukafukiwa katika kishimo katikati ya uwanja. Manahodha wawili waliuchimbua kwa magongo yaliyopinda ncha, na hapo vumbi likatimka.

"Wakitaka kupigana, wachia," Ofisa aliniambia. "Bora magongo iko chini. Mtu akimaliza hasira na ngumi, hatapiga mwenzake na gongo. Na watu wanakuja kuona hiyo, omera, ndugu yangu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi. Waliokasirikiana waliweka magongo chini wakatwangana, nasi tukasimama kando kama wageni wa arusi wanaosubiri wali. Sikuipenda hata kidogo. Katika mechi moja pale Magunga niliona ngumi mbili zikizaa ugomvi wa uwanja mzima, na mchezaji mmoja akaondoka na mkono uliovunjika. Ofisa alisema ni ajali. Mimi nilisema, kimoyomoyo, kwamba hasira haishibi kwa kulishwa.

Nilipohamishiwa Migori, mkubwa wangu akawa Bwana DO, ofisa wa tarafa, mtu wa maneno machache. Niliomba timu ya Masara icheze na ya Ntimaru, yaani Wajaluo na Wakuria, wakati ambapo ng'ombe akipotea kila upande ulimtazama mwenzake kwa jicho baya.

"Wakigeuza uwanja kuwa vita," DO alisema, "mchezo huu nitaupiga marufuku tarafa yote. Umenisikia?"

Nilisikia vizuri sana.

Siku ya mechi, kabla ya mapumziko, Odero wa Masara na Marwa wa Ntimaru walikwatuana. Magongo chini, ngumi juu. Nikapuliza filimbi mpaka mashavu yakauma, lakini nani asikie? Basi nikajitosa katikati, nikaokota magongo yao. La Marwa nikampa nahodha wa Masara alipeleke nyumbani kwa Odero. La Odero nikampa nahodha wa Ntimaru alipeleke kwa Marwa.

"Nyinyi wawili, nje! Mtu akitaka gongo yake, aifuate kwa mwenzake!"

Gongo halikuazimwa hata kwa ndugu. Mtu alijichagulia mti, akaukunja kwa moto, akalipaka gongo lake samli.

"Refa," Marwa akauliza, mikono imeshuka, "gongo yangu itaenda kulala Masara?"

"Italala. Na wewe utaifuata."

DO akaniita kando. "Sheria hiyo umeitoa wapi?"

"Hapa hapa, Bwana."

Akafikiri. "Marudiano yatakuwepo kama hawa wawili watakuja kila mtu na gongo lake. La sivyo, mchezo umekwisha."

Marwa aende Masara peke yake, siku zile? Akaenda. Odero alinisimulia baadaye kwamba mama yake alikataa katakata kulitoa gongo kabla mgeni hajala. "Kwangu mtu hatoki na njaa," mama alisema. "Kaa chini." Walipomaliza samaki, Odero akamsindikiza Marwa mpaka Ntimaru kuchukua la kwake.

Siku ya marudiano Odero alitokea katikati ya Wakuria, gongo begani, anacheka. Mashabiki wa Masara walidhani amehama timu! Nilipuliza filimbi ya kuanza huku machozi yananitoka, wala sioni haya kusema. Walisukumana, walitukanana, lakini hakuna aliyeweka gongo chini.

Siku hizi wajukuu hunionyesha kwenye simu watu wa nchi za baridi wakicheza magongo juu ya barafu. Wanatwangana, refa anatazama tu. "Kwara, babu, mbona hawaachanishi?" wananiuliza. Nawajibu kwamba huko nako wako wakubwa wanaoamini ngumi hupunguza hasira. Huenda. Mimi niliona samaki wa mama yake Odero wakiipunguza.

Nilipostaafu, Marwa na Odero walikuja kuniaga, mvi zimeanza kuwaingia. Marwa alinivua filimbi shingoni akaitia mfukoni.

"Refa, ukitaka filimbi yako, ifuate Ntimaru."

Nimeifuata mara nyingi. Kila nikienda nakula, nalala, narudi bila filimbi.