Mama amekuja kumwona Eliza

Leo mama yangu ametoka Ahero na mchele, kuja kumwona msichana wangu ambaye si mtu.

Kosa ni langu.

Mwezi mzima nimekuwa nikimwambia kwa simu, "Mama, wikendi siji, Eliza ananisumbua."

Sasa ELISA ni kipimo. Hapa maabara tunakitumia kupima protini kwenye damu, ile inayoita kinga ya mwili ije ipigane. Mara tatu kimenikatalia. Leo nimeweka dawa ya mwisho, na vishimo vya bluu kwenye sahani yake ya plastiki vikageuka njano, kutoka iliyokolea hadi hafifu, vile inatakikana kabisa. Nimecheza peke yangu na glavu mkononi.

Hapo askari wa geti akanipigia, "Daktari, mama yako yuko hapa."

Nikatoka mbio. "Mama, Eliza amekubali!"

Mama akapiga vigelegele. Askari akanipa mkono.

Ndio nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaiangalia sana hiyo sahani ya plastiki.

"Wuoda, mwanangu, huyu anakula mchele?"

Ameniachia mchele kwa sharti moja: usipikwe mpaka nilete Eliza mwenye miguu.

Kama unaitwa Eliza na unapenda wali, hapo chini kuna nafasi ya kuandika.