Taa ya Vicky kwa harusi ya Kaswera

Mujukuu wangu Vicky iko anapiga video za harusi hapa Kabondo. Hana mukubwa wa kazi. Kamera anakodisha, na familia inamulipa kisha zawadi kuingia.

Kwa harusi ya Kaswera nilikaa karibu naye, juu nilitaka kujua kwa nini watu hawatoe zawadi mpaka taa ya kamera iwamulike. Papa moja alizunguka mara tatu na bahasha ileile, akingoja taa! Halafu nikaona kioo cha kamera iko nyeusi.

— Vicky, inaona kweli?

— Koko, nyamaza! Batri imekufa. Taa iko na batri yake. Nikizima, wataenda kukaa, na kitunga ya zawadi itabakia tupu.

Donc watu walicheza mbele ya kamera kipofu mpaka udongo wa parcelle, kiwanja ya nyumba, ukashuka kidole muzima, haki ya Mungu.

Kisha Papa Edouard, baba ya Kaswera, akaleta malipo. Nikachungulia: mutoto atakamata? Vicky akarudisha mukono nyuma.

— Papa, zawadi hazimo ndani ya kamera. Batri ilikufa.

Papa Edouard, mutu wa biashara, akaangalia kitunga, akawaza, akacheka.

— Bon. Kesho warudi wacheze tena. Lakini mutu hawezi kucheza mbele ya kamera na mukono tupu, si vile?

Kesho yake walirudi wote na bahasha mupya. Moja alileta mbuzi, nayo ikacheza. Vicky alilipwa siku mbili.